Shajara ya mradi: habari moja ya sayansi kila siku, hadi kwenye chanzo chake

Mradi wenyewe ni mdogo. Kila jioni nikitoka maabara nachagua habari moja ya sayansi inayozunguka mtandaoni, naifuata nyuma hadi pale ilipotokea mara ya kwanza, kisha naandika maelezo mafupi na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp lenye ndugu, marafiki na wanafunzi wangu wa zamani. Mimi ni mtafiti wa bakteria. Habari nyingi ninazozifuata si za fani yangu, na huko ndiko makosa mengi yalikotoka. Naiweka shajara hii ili anayetaka kufanya kama mimi asianzie nilipoanzia. Hatua za kawaida nimezipita haraka. Makosa nimeyapa nafasi, maana ndiyo yaliyokula muda.

5 Januari 2026: Ujumbe wa kuzima simu

Habari ya kwanza ililetwa na shangazi, na nadhani hakuna mwenye simu asiyewahi kuipokea: usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale ya kosmiki itapita karibu na dunia, zima simu, iweke mbali na mwili, waambie uwapendao. Majina ya NASA na BBC yametajwa humo ili msomaji asitie shaka.

Nilikaa nikaandika kwa moyo wote. Nilianza na Victor Hess, ambaye mwaka 1912 alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vifaa vyake, akakuta mnururisho (mionzi) unaongezeka kadiri anavyopanda, kwa hiyo lazima unatoka juu. Nikaeleza jinsi miale hiyo inavyogonga hewa ya juu na kuzaa chembe nyingine, zikiwemo muoni, na kwamba kwenye usawa wa bahari muoni moja hivi hupita kila dakika katika kila sentimita ya mraba. Nyoosha kiganja chako: kila sekunde kinapitiwa na moja au zaidi, usiku na mchana, simu iwe imewashwa au imezimwa. Maneno zaidi ya 700. Nikatuma.

Baada ya robo saa shangazi akajibu: "Asante mwanangu, Mungu akubariki. Sasa nizime au nisizime?"

Nililitazama swali hilo muda mrefu. Nilikuwa nimejibu kila kitu isipokuwa alichoulizia. Nikaandika tena: "Usizime, shangazi. Miale hiyo inatupitia kila siku tangu kabla simu hazijabuniwa, na usiku wa leo hauna tofauti yoyote." Akajibu, "Haya, nimeelewa."

Gharama: saa mbili na nusu kwa maelezo marefu, dakika mbili kwa yale yaliyofaa. Tangu siku hiyo, sentensi ya kwanza ni jibu. Hess anaweza kusubiri sentensi ya tatu, na akikosa nafasi si kosa.

8 Januari: Jedwali

Nimetengeneza jedwali la kuwekea kumbukumbu: tarehe, dai kama lilivyonifikia, mahali nilipolikuta, chanzo cha kwanza, jibu, muda uliotumika. Maelezo yasizidi maneno 120. Hakuna zaidi la kusema kuhusu hatua hii.

14 Januari: Mirihi na kipande kilichoanguka

Hili ndilo kosa lililobadilisha mradi mzima, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Dai: Agosti hii sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi, na hakuna aliye hai leo atakayeliona jambo hilo tena. Dai hili limekuwa likirudi mwaka baada ya mwaka. Mara hii halikungoja hata Agosti. Niliandika maelezo mazuri, nikayapa kichwa hiki: "Mirihi kuonekana kubwa kama Mwezi: je, ni kweli?"

Siku mbili baadaye nikaletewa picha ya skrini na mtu ambaye hayumo kwenye kundi letu. Ilikuwa kazi yangu. Mtu alikuwa amekata mstari wa juu peke yake, tena alama ya kuuliza imeachwa nje, kwa hiyo kilichosomeka ni "Mirihi kuonekana kubwa kama Mwezi", na chini yake aliongeza mwenyewe, "mtaalamu amethibitisha". Maneno ya uongo yalikuwa yangu, kwa herufi nzito nilizoziweka mimi. Usiku huo sikulala vizuri.

Nilituma masahihisho, lakini masahihisho hayana miguu ya habari yenyewe. Kuna utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2018, uliochunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za kweli zilichukua muda wa karibu mara sita ya ule wa habari za uongo kuwafikia watu 1,500. Tena waliokuwa wanausukuma uongo zaidi ni watu wenyewe, si programu za kujiendesha. Nilikuwa nimeusoma utafiti huo zamani na kuufundisha. Kuuona ukitokea kwa maandishi yangu ni jambo lingine.

Marekebisho ya kwanza: kichwa kiwe ukweli wenyewe, sentensi kamili, isiyoweza kukatwa ikabaki uongo. "Mirihi haiwezi kuonekana kubwa kama Mwezi, hata ikiwa karibu kabisa ni nukta yenye wekundu." Kikatwe popote, hakitamdanganya mtu sana.

Lakini nilipokuwa natafuta chanzo nilikuta kitu ambacho sikukitarajia. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi kweli ilikaribia dunia kuliko ilivyowahi kukaribia kwa karibu miaka 60,000, umbali usiofika kilomita milioni 56. Barua pepe ya zamani iliyozunguka wakati huo ilisema kwamba ukitazama kwa darubini inayokuza mara 75, Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Nikapiga hesabu. Kipenyo cha Mirihi ni karibu mara mbili ya kile cha Mwezi, lakini siku ile ilikuwa mbali zaidi ya mara 140 kuliko Mwezi. Gawanya: ilionekana ndogo kuliko Mwezi mara sabini na kitu. Ikuze mara 75 na inalingana na Mwezi. Aliyeandika sentensi ya kwanza alikuwa sahihi kabisa!

Kilichotokea ni kwamba sentensi hiyo, jinsi ilivyopangwa kwenye barua pepe, ilikatika mistari. Darubini ikabaki mstari wa juu na Mwezi ukashuka mstari wa chini. Watu wakanakili mstari wa chini. Hakuna aliyedanganya mahali popote. Kipande kimoja kilianguka njiani, basi.

Nimeongeza safu mpya kwenye jedwali: *kilichoanguka*. Kuanzia sasa sitafuti aliyedanganya. Natafuta kipande gani cha sentensi kimeanguka, na kilianguka mkononi mwa nani: mtafiti, ofisi ya habari, mwandishi, au msambazaji.

Gharama: jioni tatu.

21 Januari: Panya

Nilituma maelezo kuhusu kirutubisho fulani kinachoboresha kumbukumbu. Chanzo nilichotaja ni taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari. Niliona ukurasa rasmi, nembo ipo, jina la jarida lipo, nikaridhika. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani akaniandikia faraghani, kwa adabu: "Mwalimu, umeona kwamba ni panya?"

Sikuwa nimeona. Taarifa ilimtaja panya katika aya ya saba. Makala yenyewe ilimtaja kwenye kichwa.

Sina kisingizio, kwa sababu jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza kwa vyombo vya habari. Kati ya zile zilizohusu utafiti wa wanyama, asilimia 36 ziliyavuta matokeo hadi kwa binadamu kupita kile makala yenyewe ilichosema. Na taarifa ikizidisha, magazeti nayo huwa yanazidisha. Maana yake ni kwamba kipande mara nyingi huanguka mapema sana, kabla hata ya kufika kwa mwandishi wa habari ambaye sisi wa maabara tunapenda kumlaumu. Huangukia nyumbani kwetu.

Utaratibu mpya: taarifa kwa vyombo vya habari si chanzo. Chanzo ni makala, na ndani ya makala naanza na sehemu ya mbinu, kabla ya muhtasari. Naandika kwenye jedwali vitu vitatu: nani au nini kilipimwa, wangapi, na vitu vingapi vilipimwa kwa kila mmoja.

Hicho cha tatu wengi hukiruka. Mfano ninaoutumia ni ule wa John Bohannon, mwandishi mwenye shahada ya uzamivu katika biolojia ambaye mwaka 2015 aliendesha jaribio la makusudi la chokoleti na kupunguza uzito, ili kuonyesha jinsi habari mbovu zinavyopita. Watu walikuwa 15. Vilivyopimwa kwa kila mmoja vilikuwa 18: uzito, kolesteroli, usingizi na kadhalika. Sasa kama kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kuonyesha "matokeo" kwa bahati tu, na una vipimo 18 visivyotegemeana, nafasi ya kupata angalau kimoja cha bahati inafika asilimia 60. Jarida likachapisha, vyombo vya habari vya nchi kadhaa vikabeba. Kipande kilichoanguka hapo ni vile vipimo vingine 17.

Gharama: dakika 40 zaidi kwa kila habari. Ni nyingi, na nimejaribu kuzipunguza nikashindwa.

29 Januari: Kurudi 2023

Wiki hii sikufuata habari mpya. Nilitaka kuujaribu utaratibu kwenye habari iliyonipata mwenyewe.

Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini waliweka makala kwenye arXiv, hifadhi ya makala ambazo bado hazijahakikiwa na wataalamu wengine, wakisema wamepata supakondakta, yaani mata inayopitisha umeme bila ukinzani wowote, katika joto la kawaida la chumba na kanieneo (mgandamizo) ya kawaida ya hewa. Waliiita LK-99. Kulikuwa na video: kipande cheusi juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka, upande mwingine bado unagusa chini. Niliisambaza kwa kila niliyemjua. Niliandika, nakumbuka, "dunia imebadilika leo".

Nimeijaza LK-99 kwenye jedwali langu kana kwamba ndiyo kwanza imefika. Safu ya *kilichoanguka* ilijaa yenyewe. La kwanza, "haijahakikiwa". La pili ni kubwa zaidi: kwenye video kulikuwa na kilichoonekana na kilichodhaniwa, na njiani vikaungana kikawa kitu kimoja. Kilichoonekana ni kipande kinachoinuka upande mmoja. Mata za kawaida zenye usumaku kidogo zinaweza kufanya hivyo. Supakondakta ilikuwa tafsiri.

Na ule mporomoko mkali wa ukinzani uliokuwa kwenye makala, karibu nyuzi 104 za Selsiasi? Sampuli zilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, na salfaidi hiyo hubadilika umbo la ndani karibu na joto hilohilo. Wataalamu waliokuwa wakiifahamu salfaidi ya shaba waliitambua namba hiyo. Baadaye maabara moja ya Max Planck, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, huko Stuttgart ilitengeneza fuwele safi ya mata yenyewe, bila uchafu. Ilikuwa ya zambarau, nuru inapenya, na haipitishi umeme.

Jambo ninalotaka kulisema hapa kwa mkazo ni kwamba mtandao uliosambaza makosa yangu ndio uliosahihisha. Maabara za nchi nyingi zilijaribu kupika sampuli ndani ya siku chache, zikaonyesha zilichopata hadharani, zikashindwa hadharani. Kufikia katikati ya Agosti jibu lilikuwa limeshapatikana kwa kiasi kikubwa. Kwa njia ya zamani ya majarida peke yake ingechukua miezi mingi. Nimewatumia watu kundini habari hii nzima, pamoja na ile sentensi yangu ya mwaka 2023 kama nilivyoiandika.

4 Februari: Makala iliyoondolewa

Kosa baya kuliko yote, maana ni la fani yangu.

Niliandika kuhusu GFAJ-1, bakteria kutoka Ziwa Mono, California. Desemba 2010 ilitangazwa kwamba anaweza kujenga hata DNA yake kwa arseniki, ambayo ni sumu, badala ya fosforasi, ambayo viumbe huitumia kujenga DNA. Nilimaliza kwa kusema kwamba mjadala "bado unaendelea kwenye kurasa za Science". Mwenzangu wa maabara akanipigia simu usiku: Science waliiondoa makala hiyo Julai 2025. Mimi, mtu wa bakteria, sikuwa najua.

Nilikuwa nimesoma makala kutoka faili niliyoihifadhi kwenye kompyuta yangu miaka mingi iliyopita. Faili haipati habari. Ingekaa hapo hata miaka 100 bila kuniambia kitu.

Masahihisho niliyotuma yalikuwa na jibu mbele, kama kawaida: "Nilikosea: makala hii imeondolewa tangu Julai 2025." Kisha maelezo, ambayo nilihakikisha hayadondoshi kitu. Mwanabiolojia Rosie Redfield aliikosoa kazi hiyo hadharani mtandaoni siku chache tu baada ya kutoka. Mwaka 2012 Science ilichapisha tafiti mbili zilizoonyesha kwamba bakteria huyo anastahimili arseniki lakini bado anahitaji fosforasi. Jarida lilipoiondoa makala halikusema kuna udanganyifu. Lilisema majaribio hayaungi mkono hitimisho kuu, na waandishi walipinga uamuzi huo. Ukiacha maneno "hakuna udanganyifu", umewachafulia watu jina. Na hicho nacho ni kipande ambacho nimekiona kikianguka mara nyingi.

Utaratibu mpya: kabla ya kutuma, nafungua ukurasa wa makala kwenye jarida lenyewe, siku hiyohiyo, na kutazama kama kuna tangazo la masahihisho au kuondolewa. Inachukua dakika moja. Masahihisho yangu mwenyewe yanakwenda peke yake kama ujumbe kamili. Sitayaficha chini ya habari nyingine.

13 Februari: Kundi limenyamaza

Kwa siku kumi hakuna aliyeleta habari ya kufuatilia. Nilidhani watu wana shughuli. Kisha rafiki yangu wa siku nyingi akaniambia ukweli: "Ukianza tu kuandika, kila mtu anajua kuna mtu anaumbuliwa."

Niliyasoma upya maelezo yangu yote kwa jicho hilo. Alikuwa sahihi. Niliandika "kama alivyotuma fulani hapo juu". Niliandika "inashangaza kwamba". Watu hawakuacha kupokea habari za ajabu. Waliacha kunionyesha, wakawa wanazisambaza kwingine ambako hakuna anayewauliza. Nilikuwa nimejitoboa macho mwenyewe.

Marekebisho mawili. Anayetaka kitu kifuatiliwe ananitumia faraghani, na jina lake halitajwi. Na Ijumaa hakuna kusahihisha: naleta jambo la kweli ambalo mtandao wenyewe umelizaa au kulikuza.

Ijumaa ya leo nimeanza na lile gauni la Februari 2015, picha moja iliyowagawa watu duniani: hawa wanaona bluu na nyeusi, wale nyeupe na dhahabu. Gauni halisi ni bluu na nyeusi. Lakini wanaoona nyeupe hawana kasoro ya macho. Ubongo hukisia kwanza mwanga unaoangukia kitu, kisha huuondoa. Anayedhani gauni liko kivulini, ambako mwanga una ubluu, huondoa bluu na kubaki na nyeupe na dhahabu. Anayedhani liko chini ya taa ya njano huondoa njano. Mwaka uleule tafiti zilitoka kwenye jarida la Current Biology, na mwaka 2017 utafiti wenye washiriki wapatao 13,000 ukaonyesha kwamba dhana kuhusu kivuli kweli inaendana na rangi anayoiona mtu. Hata waliozoea kuamka mapema, wanaoishi zaidi na mwanga wa mchana, walielekea kidogo zaidi upande wa nyeupe.

Kundi lililipuka. Shangazi nyeupe, binti yake bluu, wamekaa kochi moja. Hakuna aliyeumbuliwa. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimeletewa faraghani habari tano za kufuatilia.

27 Februari: Ujumbe wa sauti

Hatua ya sasa, haijakamilika.

Kati ya habari ninazoletewa faraghani, nyingi sasa ni sauti. Ya wiki hii ina dakika nne na sekunde kumi: mwanamume mwenye sauti tulivu anaeleza kuhusu dawa na figo, anasema ni daktari, hasemi wa wapi. Utaratibu wangu wote unategemea maandishi. Sauti haina kichwa, haina mstari wa kunakili kwenye kitafutio, haina tarehe.

Nilichojaribu: nimeisikiliza yote na kuiandika neno kwa neno, saa moja. Nimechukua sentensi tatu zenye namba na kuzitafuta kama zilivyo, hakuna kitu. Nimetafuta namba zenyewe pamoja na jina la dawa. Nimepata makala mbili zinazokaribia, mojawapo ya panya, nyingine ya wagonjwa ambao tayari figo zao zilikuwa mbovu. Inawezekana kabisa msemaji alikuwa anaizungumzia hii ya pili, na kipande "ambao tayari ni wagonjwa" kikaanguka kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Siwezi kulithibitisha.

Aliyenitumia anatumia dawa hiyo. Nimemwandikia hivi: "Usiache dawa kwa sababu ya sauti hii. Muulize aliyekuandikia, mwonyeshe nilichokiandika hapa chini." Chini nimeweka maneno ya ile sauti, yote, ili daktari wake ayasome badala ya kusimuliwa.

Gharama hadi sasa: saa tatu. Safu ya chanzo nimeiacha tupu.